Kioo Kimoja kwa Nyumba Nzima

Pesa ya pamba haipendi kukaa ndani. Mwezi Mei msimu wa ununuzi ukishafunguliwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikaanza kulipa, kila nyumba hapa Mkula huwa na orodha yake: bati za chumba kipya, ada, ng'ombe wa kulimia, deni la viuatilifu. Mwaka ule Baba aliongeza kwenye orodha yetu kitu ambacho hakikuwahi kuwemo, kompyuta ya mezani, na akakiandika juu kabisa, kabla ya bati.

Alikuwa na sababu zake. Miaka mingi ameshika vitabu vya wakulima, na masanduku yake chumbani yamejaa madaftari, na yale ya zamani bado yana kichwa cha Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, kwa kuwa ndiko tulikohesabiwa kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012 na sisi kuwa watu wa Busega. Baba huamini kwa moyo wote kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mchwa walikuwa wamekwisha kuyafikia madaftari yake mawili. Kaka, mwalimu wa sekondari, alikuwa akitunga mitihani kwa simu. Wifi, mke wa Kaka, alitaka kufungua kibanda cha kuchapa barua na kujazia watu fomu za mikopo ya chuo na maombi ya kazi. Mdogo wetu alikuwa kidato cha nne. Watu wanne, kazi nne, na chombo kimoja cha kuzifanya zote.

Kikao

Tulikaa jioni, nyumba nzima, akiwemo babu yetu ambaye wote tunamwita Guku. Kuhusu boksi la kompyuta hapakuwa na ubishi. Tulikubaliana litakuwa la mtumba, la aina zinazotoka maofisini, lenye RAM ya GB 8, na kwamba linatosha kabisa kwa barua, hesabu na mitihani. Ubishi ulianzia kwenye kioo.

"Tuchukue inchi 32, Baba," Kaka alisema. "Mchana ni kompyuta, usiku Guku anaangalia mpira. Tumelipia kimoja, tumepata viwili."

"Mimi nataka kuona ukurasa mzima bila kuushusha na kuupandisha," alijibu Baba.

Wifi aliinamisha kichwa kidogo kabla ya kusema, maana alikuwa mbele ya wakwe zake. "Samahani, Baba. Mimi ndiye nitakayekaa mbele yake kutwa nzima. Naomba kisiniumize macho."

Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliuliza swali moja tu: "Kitakaa wapi?" Swali hilo lilipitwa, kwa sababu Kaka alikuwa tayari anaeleza habari za rangi na mwanga. Mwishowe Baba akakata shauri: inchi 24. Namba hiyo ilipendeza kwa kuwa iko katikati ya vioo vidogo tulivyozoea kuviona maofisini na kile kikubwa alichokitaka Kaka. Katika kikao kile chote hakuna aliyeuliza inchi hizo hupimwa kutoka wapi hadi wapi.

Meza yatangulia

Meza ilitengenezwa kabla ya kompyuta kununuliwa. Fundi seremala alikuja, akauliza: "Kioo inchi ngapi?" Akaambiwa ishirini na nne. Akavuta tepu yake, akachonga meza yenye rafu juu kwa ajili ya madaftari, na chini ya rafu akaacha uwazi wa kuingiza kioo: upana inchi 24 kamili kati ya mbao na mbao. Kwa kimo hakuwa na namba, basi akaenda sebuleni akapima TV yetu ya chogo, akaongeza nafasi kidogo, akaacha inchi 18.

Fundi alifanya kazi safi kwa habari aliyopewa. Ubao wa inchi 24 una inchi 24. Lakini namba ya kioo si upana wala si kimo. Ni mstari wa mshazari, kutoka kona ya chini upande mmoja hadi kona ya juu upande wa pili. Mazoea haya ni ya zamani kuliko kompyuta: bomba za mwanzo za televisheni zilikuwa na uso wa duara, zikatajwa kwa kipenyo chake, na uso ulipofanywa wa pembe nne watengenezaji wakaendelea kutaja ule mstari mrefu kuliko yote. Enzi za monita za chogo namba hiyo ilikuwa na hila zaidi, kwa sababu fremu ilifunika sehemu ya bomba, na monita iliyouzwa kwa jina la inchi 17 ilikuwa na picha ya inchi 16 hivi. Vioo bapa vya leo vimeondoa hila hiyo. Mshazari umebaki.

Kioo kikubwa chafika

Kaka alikwenda Mwanza kununua. Mjini muuzaji mmoja alimweleza kwamba kwa pesa ileile ya monita mpya ya inchi 24 angeweza kupata TV ya inchi 32, na kwamba kioo ni kioo, vyote vina tundu la HDMI. Kaka alimfikiria Guku, akalipa. Jioni alishuka Lamadi, akatafuta gari la kuja Mkula, na kutoka kituoni akafika nyumbani juu ya bodaboda akiwa amekumbatia boksi ambalo dereva hakuweza kuona nyuma yake.

TV ile ilikuwa na upana wa inchi 28 bila fremu. Uwazi wa meza ulikuwa inchi 24. Fundi aliitwa, akatazama, akasema anaweza kukata mbao za pembeni. Mama akakataa papo hapo, kwa sababu mbao zile ndizo zilizobeba rafu, na rafu ndiyo ingebeba madaftari yote ya Baba. Hivyo TV ikakaa juu ya kabati la sebuleni, ya chogo ikapelekwa stoo, boksi la kompyuta likawekwa pembeni, na kibodi ikawa juu ya kigoda.

Tatizo la kwanza lilijitokeza usiku uleule. Baba aliketi, akatafuta saa ambayo huwa chini kwenye kona ya kioo, hakuiona. Akatafuta kitufe cha kuanzia, hakipo. Picha ilikuwa kubwa kuliko kioo, na kingo zake nne zilikuwa zimekatwa. Hii nayo ni tabia iliyorithiwa kutoka enzi za chogo, ambapo kingo za picha hazikuwa nyoofu, hivyo televisheni ziliikuza picha kidogo ili kuzificha. Kwenye filamu huwezi kugundua. Kwenye kompyuta unapoteza mstari mzima wa kazi. Mdogo wetu alihangaika na rimoti mpaka akaingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha, mahali palipoandikwa "Just Scan", na kingo zikarudi.

Tatizo la pili halikuwa na rimoti. Maandishi yalikuwa na ukungu. Kaka aliongeza mwanga, akapunguza mwanga, akafuta kioo kwa kitambaa laini, ukungu ukabaki. Sababu ilikuwa ndani ya kioo chenyewe. Picha ya kompyuta hujengwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, na TV ile ilikuwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla yake milioni moja na kitu. Monita nyingi za inchi 24 zina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. TV yetu ilikuwa imechukua nusu ya nukta na kuzitandaza kwenye eneo kubwa zaidi, zikafika nukta 49 tu katika kila inchi, wakati monita ya 24 ina 92. Ukikaa umbali wa kochi, jicho huziunganisha. Ukikaa umbali wa kibodi, jicho huziona moja moja.

Basi viti vikasogezwa nyuma. Kwa mbali ukungu ulipungua, ila herufi zikawa ndogo. Wifi akazikuza herufi, na hapo Baba akagundua jambo lililomuumiza kuliko yote: daftari lake lililokuwa na mistari 25 hivi kwenye kioo likabaki na mistari kumi na kitu. Alikuwa amenunuliwa kioo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuingia katika nyumba hii, na alikuwa anaona kidogo kuliko kwenye karatasi. Ukubwa wa kioo hauongezi nafasi ya kazi. Nafasi huongezwa na nukta.

Tatizo la tatu lilikuwa saa mbili usiku. Saa hiyo Guku husikiliza taarifa ya habari, na tangu nikiwa mtoto sijawahi kuona kitu kikimwondoa mbele yake. Saa hiyohiyo Kaka alikuwa amerudi kutoka shuleni na ana mtihani wa kuchapa, na mdogo wetu anataka mazoezi yake. Usiku wa kwanza Guku alisubiri. Usiku wa pili alisubiri. Usiku wa tatu alisimama akashika fimbo yake. "Wajukuu zangu," alisema, "mmenunua kioo cha kunitoa sebuleni kwangu?" Kaka alizima kompyuta bila kujibu, na mtihani ule aliumalizia kwa mkono.

Barua ya yule mama

Yote hayo tungeweza kuyavumilia. Lililotokea na mteja wa Wifi hatukuweza.

Alikuja mama mmoja, akaamkia "Mwangaluka," akakaribishwa ndani. Alikuwa na malalamiko ya kupeleka baraza la kata, mambo ya shamba kati yake na mume wake, aliyoyaandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Wifi alianza kumchapia kwa upole, akiwa amezikuza herufi ili aweze kuzisoma kutoka kwenye kochi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Akatokea mgeni wa Guku, mzee mwenye heshima zake, akasimama kizingitini, akainua macho kuitazama TV kama anavyofanya mtu yeyote anayeingia penye TV inayowaka. Ilikuwa na herufi nene kama vidole, na midomo yake ikaanza kuzisoma kabla hajajua ni za nani.

Yule mama alisimama. Hakusema neno baya. Alichukua karatasi yake, akaikunja, akamwambia Wifi kwamba atarudi siku nyingine, akapita pembeni ya mgeni akiwa ameinamisha kichwa. Wifi alilia jikoni. Baba alipopata habari alitoa amri kwamba hakuna barua ya mtu itakayochapwa tena sebuleni, na waya wa HDMI ukachomolewa usiku ule.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Madukani wanaeleza rangi na bei, na sijasikia duka linaloeleza kwamba kioo kina wasomaji wawili: anayefanya kazi mbele yake, na anayepita nyuma. Anayechapa barua za watu ameshika siri za watu. Kioo chake kinapaswa kutosha macho yake mwenyewe na ya mteja aliyeketi kando yake, basi.

Mgeni wa mraba

Baba alikwenda Nyashimo kwa binamu yake, akarudi na monita kuukuu ya kuazima, ya inchi 19, ile karibu mraba iliyojaa maofisini miaka ya 2000. Kaka aliitazama kwa masikitiko. Iliingia kwenye uwazi wa meza bila shida, ikaunganishwa kwa waya wa VGA uliokuja nayo, ikawaka.

Baba akafungua daftari lake, akakaa kimya, halafu akaanza kuhesabu mistari kwa kidole. Ilikuwa mingi kuliko ya TV. Kioo cha inchi 19 kilionyesha mistari mingi kuliko cha inchi 32, na herufi zake zilikuwa kali. Monita zile zina nukta 1280 kwa 1024. Kwa kwenda juu ni theluthi moja zaidi ya 768 za TV yetu, na barua au daftari husomwa kwa kwenda chini. Kwa Baba, shauri lilikuwa limekwisha: hicho ndicho kioo.

Kwa Kaka halikwisha. Jedwali la matokeo ya darasa lina safu ya jina, ya namba, kisha somo baada ya somo, kisha jumla, wastani, daraja na nafasi. Kwenye kioo cha mraba majina yalionekana na nafasi hazikuonekana. Akisogeza kulia azione nafasi, majina yanapotea. Aliogopa kumpa mtoto alama za mwenzake, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Sasa tukawa na kioo kirefu kinachomfaa Baba na haja ya kioo kipana kwa Kaka, na pesa ya pamba ilikuwa inakaribia kwisha.

Mama ashika mkasi

Hapo ndipo Mama aliporudi na swali lake. Alilileta boksi tupu la TV, akalitandaza sakafuni, akatoa mkasi na tepu ya cherehani. "Mimi sikati kitambaa kwa jina la nguo," alisema. "Nakata kwa kipimo cha mtu. Nipeni upana na kimo."

Mdogo wetu akachukua daftari la hisabati. Kanuni ya Pythagoras tuliisoma kidato cha pili, na sikujua kwamba ingekuja kuhitajika kwenye mkeka wetu. Vioo vingi vya leo vina uwiano wa 16 kwa 9. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, tisa mara tisa ni 81, jumla 337, kipeuo chake cha pili ni 18.36. Kwa hiyo upana ni mshazari mara 16 ugawe kwa 18.36, na kimo ni mshazari mara 9 ugawe kwa hiyohiyo. Akasoma, Mama akakata. Inchi 22: upana 19.2, kimo 10.8. Inchi 24: upana 20.9, kimo 11.8. Inchi 27: upana 23.5, kimo 13.2. Kisha akafanya hesabu ya ile ya mraba ya 19, ambayo uwiano wake ni 5 kwa 4: upana 14.8, kimo 11.9.

Mama alisimamisha vipande hivyo mezani kimoja kimoja. Alipoweka kile cha mraba mbele ya kile cha 24, sote tuliona jambo lilelile kwa pamoja: kimo chake ni kilekile. Inchi 24 pana ni kioo cha Baba kilichoongezewa inchi sita kwa upana kwa ajili ya Kaka. Na nukta pia zilikubali, 1024 za kwenda juu kwa ile ya mraba na 1080 kwa hii. Ubishi wa wiki nzima uliishia kwenye vipande viwili vya boksi.

Mama akaendelea. Akachukua karatasi mbili za A4, akazisimamisha kando kwa kando juu ya kipande cha 24. Zilienea kwa kimo, na pembeni pakabaki nafasi ya inchi nne na kitu. Maana yake Wifi angeweza kufungua karatasi ya mteja upande mmoja na barua anayoichapa upande mwingine. Kipande cha 27 kiliingia kwa kubana, na Mama akatukumbusha fremu. Inchi 23.5 za picha, ukiongeza ukingo pande zote mbili, zinazimaliza inchi 24 za uwazi na kubaki zinasukuma ubao. Tukakiweka kando.

Halafu kila mtu akaketi. Akisha kuegemea nyuma, mkono ukinyooshwa, vidole viguse kioo au vikaribie: hapo ndipo mahali pake, kati ya sentimita 50 na 100 kutoka machoni, na ukingo wa juu usizidi usawa wa macho ili shingo isiinuke. Kwenye meza yetu, kipande cha 24 kilionekana chote bila kugeuza kichwa. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kusogeza kiti.

Bariadi

Safari hii tulikwenda Bariadi, mimi na Mama. Kwenye duka la kompyuta za mtumba muuzaji aliuliza, "Inchi ngapi, mama?" Mama akamjibu kwa kipimo: "Upana inchi 21, kimo 12 kasoro kidogo, nukta 1920 kwa 1080, na mguu wake wa kusimamia uwepo." Muuzaji alitutazama upya, akavuta kiti, akatutolea tatu.

Tuliziwasha zote. Kwenye ukurasa mweupe mtupu tulitafuta madoa na mistari, na kwenye ukurasa mweusi tulitafuta nukta zilizokwama zikiwaka na mwanga unaovuja kwenye kona. Moja ilikuwa na mstari mwembamba wa kijani ambao usingeuona kwenye picha ya maua waliyoitumia kuonyeshea wateja. Nyingine haikuwa na mguu, na mguu wa aina nyingine ungeifanya isitoshe kwenye uwazi wa inchi 18. Ya tatu tuliipima na mguu wake: inchi 17. Nyuma yake lebo ilionyesha wati 18, wakati TV yetu ilikuwa imeandikwa 55. Kwenye LUKU tofauti hiyo ni ndogo kwa siku. Kwenye UPS, umeme unapokatika katikati ya kazi, kila wati iliyookolewa ni muda zaidi wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Tukainunua.

Iliingia kwenye uwazi wa meza, ikabaki nafasi ya kupitisha nyaya. Meza iliwekwa chumba cha pembeni, ubavu wa kioo ukitazama dirisha ili jua lisikipige usoni, na mgongo wake ukielekea mlango, hivi kwamba anayeingia anamwona Wifi kabla ya kuona barua ya mtu. Mtihani wa kwanza wa Kaka ulichapwa saa mbili na nusu usiku, na sebuleni Guku alikuwa anasikiliza taarifa ya habari kwenye TV ya inchi 32, mahali ambapo TV ile ilistahili kuwa tangu mwanzo.

Lilibaki jambo moja la Baba. Alikuwa akisogeza uso mpaka karibu aguse kioo, na Kaka akaanza tena kusema kwamba 27 ingefaa. Lakini miwani ya Baba ni ya kusomea kitabu, iliyopimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, na kioo kiko sentimita 65. Kwa umri wake jicho haliwezi tena kujirekebisha lenyewe kati ya umbali huo na ule. Alipopimwa miwani ya umbali wa mkono ulionyooshwa, na Wifi akapandisha ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125, mgongo wake ulirudi kwenye kiti. Tungenunua kioo kikubwa zaidi, tungekuwa tumelipia ugonjwa wa miwani kwa dawa ya kioo.

Kwa atakayenunua msimu ujao

Nimeulizwa na majirani wengi tangu hapo, na jibu langu ni lilelile kwa wote. Usianze na inchi. Anza na mtu atakayeketi muda mrefu kuliko wengine, kisha kazi yake, kisha meza.

Kama kazi ni barua na madaftari na pesa ni kidogo, ile ya mraba ya inchi 19 bado ni kioo cha heshima. Usiidharau kwa ajili ya pana ya inchi 19 ya uwiano wa 16 kwa 9, ambayo kimo chake ni inchi 9.3 tu, pungufu hata ya mraba ya inchi 17. Kama meza ni nyembamba, inchi 22 yenye 1920 kwa 1080 inatosha, ukijua kwamba herufi zitakuwa ndogo kidogo, kwa sababu nukta zilezile zimebanwa. Inchi 24 yenye nukta hizo inafaa nyumba nyingi zenye kazi mchanganyiko. Inchi 27 yenye nukta hizohizo haikuongezei mstari hata mmoja wa daftari. Inakuza herufi, na hilo ni jema kwa macho mazee yenye miwani sahihi. Ukitaka 27 ikupe nafasi zaidi, tafuta ya 2560 kwa 1440, na meza yenye kina. TV iache iwe TV.

Kata boksi kwa vipimo hivyo nyumbani, uliweke mezani, na kila atakayekitumia aketi mbele yake kabla pesa haijatoka mfukoni. Tazama pia nani atapita nyuma yake.

Na ninyi wauzaji wa Mwanza, Bariadi na kwingineko, nawaomba jambo moja. Kwenye kila kioo andikeni upana, kimo na idadi ya nukta, kwa maandishi yanayosomeka, kando ya bei. Anayekuja kwenu kutoka kijijini amebeba pesa ya msimu mzima wa kulima, kupalilia na kuchuma. Ana haki ya kujua anachokipima kabla hajapanda gari la kurudi.